Miaka Tisa Juu ya Springi Mbovu

Kaka yangu ni fundi wa makochi. Kazi hii aliianza akiwa na miaka kumi na miwili, na hata ukimfunga kitambaa machoni, akilikalia kochi lako mara moja tu atakwambia mbao zake ni za aina gani na limeshafunguliwa mara ngapi. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akienda kulala kwenye kochi la mwenzake kila Jumanne na kila Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa miaka tisa, eti anatibiwa. Nikisimulia habari hii watu hudhani natia chumvi. Natamani ingekuwa hivyo.

Wateja wanamwita Fundi Bado. Ukipita kuulizia kochi lako atakwambia bado. Ukirudi wiki ijayo, bado. Kuna mwalimu mmoja alileta viti vyake vinne akiwa mjamzito, akaja kuvichukua huku mtoto anatambaa kwenye sakafu yetu akiokota vipande vya sponji.

Ubovu wake hauko kwenye ufundi. Niseme kwanza jinsi kochi linavyomalizika, maana shida yote iko hapo. Kochi lina tumbo. Kule chini, ambako hakuna mgeni anayeinama kuchungulia, ndani kuna springi, mikanda na kamba, na kazi ya mwisho kabisa ni kulipigilia kitambaa cheusi ili hayo yote yasionekane. Ni kazi ya nusu saa, nyundo na misumari midogo. Kaka atapanga mbao, atafunga springi, atakata sponji mpaka utapenda kumtazama. Akifika kwenye kitambaa cheusi, mikono inaanza kutetemeka. Jasho linamtoka kwenye paji la uso. Anaweka nyundo chini, anakwenda nje kunywa maji, na akirudi anaanza kulifungua kochi upya kutafuta kosa. Nilimwona akilifungua kochi moja mara sita, na kosa halikuwepo mara zote sita.

Basi nafunga mimi. Kazi yangu pale karakanani ni cherehani, nashona kava na mito, lakini yeye akitoka tu kwenda kunywa maji nami nainuka. Napindua kochi, naweka misumari mdomoni, napigilia. Akirudi anakuta limefungwa. Hasemi kitu, nami sisemi kitu, mteja anapewa mzigo wake. Tumekwenda hivyo miaka ishirini.

Chanzo cha ugonjwa wake hakikuwa siri kwa mtu yeyote nyumbani kwetu. Karakana ilikuwa ya Baba. Kaka alipomaliza kazi yake ya kwanza, kigoda cha kuwekea miguu, akapigilia kitambaa chake cheusi na kusimama pembeni akijiona mtu, Baba alisubiri mpaka mteja afike. Mbele ya mteja akakipindua kile kigoda, akachukua koleo, akang'oa msumari mmoja mmoja, akakirarua kitambaa.

"Tuone ameficha nini humu," akasema.

Hapakuwa na kilichofichwa. Akafanya hivyo hivyo kwa kazi ya pili na ya tatu, ikiwa nzuri, ikiwa mbaya, kwa miaka sita. Wateja walicheka, maana Baba alijua kuchekesha watu. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimekaa juu ya marobota ya vitambaa, na nilicheka pamoja nao.

Baba alipostaafu akamwachia Kaka karakana na kila kilichokuwemo, isipokuwa lile koleo. Hilo alikwenda nalo nyumbani. Miaka kumi hivi baadaye Kaka akaanguka karakanani akiwa na nyundo mkononi, kifua kimembana. Hospitali wakampima moyo, damu na mapafu, wakamkuta mzima kuliko daktari mwenyewe. Wakamwandikia karatasi ya kwenda kwa daktari mwingine, wa uchambuzi wa nafsi, ambaye hana sindano, hana vidonge, na kifaa chake cha kazi ni kochi.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Mgonjwa analala chali, daktari anakaa kwenye kiti nyuma ya kichwa chake, wasionane. Mgonjwa anasema lolote linalomjia kichwani. Dakika hamsini zikiisha, anaambiwa muda umeisha.

"Na yeye anasema nini?" nilimwuliza Kaka wiki za mwanzo.

"Anasema mm."

"Mm tu?"

"Siku nyingine anasema ehe."

Mwaka wa pili, Ijumaa moja, akarudi uso unang'aa. Nilikuwa nakata kitambaa cha kochi la watu watatu. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaniambia, "Mdogo wangu, nimejua. Ni koleo la Baba."

"Umejua leo?"

"Leo hii."

"Yaani umelala chali miaka miwili ili ujue jambo ambalo mimi nililiona nikiwa na miaka tisa?"

"Kuliona si kulijua," akasema, na nikajua maneno hayo si yake.

"Haya. Sasa umelijua. Kochi lile pale, nyundo ile pale."

Akavua koti. Akachukua nyundo, akaweka msumari wa kwanza, na mkono ukaanza kutetemeka palepale ulipozoea. Akatoka kwenda kunywa maji, nami nikafunga. Baada ya siku hiyo angeweza kukueleza ule mkono unatetemeka kwa nini, tangu lini, kwa ajili ya nani, na Mama alikuwa amesimama wapi wakati huo. Alikuwa anajua kila kitu kuhusu ule mkono isipokuwa namna ya kuutuliza.

Mwaka wa nne likaja suala la springi. Kochi la daktari lilikuwa na springi iliyovunjika, ya tatu kutoka kichwani, na ncha yake ilikuwa inamchoma Kaka ubavuni, upande wa kushoto. Fundi wa makochi huyu, kumbukeni. Akamwambia daktari, kwa adabu, kwamba kochi lako lina springi mbovu, inanichoma. Daktari akauliza, "Nani mwingine amewahi kukuchoma mahali ambapo huwezi kujitetea?"

Wakaizungumza ile springi miezi mitatu. Ilianza ikiwa Baba. Ikawa Mama, kwa sababu hakumzuia Baba. Kisha ikaonekana katika ndoto, ikiwa wigo wa miiba, na ule wigo peke yake ukachukua mwezi mzima. Nilimsikiliza Kaka akinisimulia haya huku nikipitisha uzi kwenye sindano ya cherehani, na nikamwuliza swali moja.

"Hivi imevunjika au haijavunjika?"

"Imevunjika."

"Sasa si uichomoe. Ni kazi ya dakika ishirini."

"Daktari anasema tusiiharakishe."

Akalala juu ya springi hiyo miaka mitano mingine, amekunja sweta na kuliweka ubavuni. Wasomi wawili ndani ya chumba kimoja, mmoja wa nafsi, mwingine wa makochi, na hakuna aliyeinama kuangalia chini. Nilicheka sana miaka hiyo. Kilichonifanya niache kucheka ni kiti cha Baba.

Mama alipofariki, Baba alihamia kwangu na vitu viwili, koleo lake na kiti chake cha mikono, alichokitengeneza mwenyewe kabla hajaoa. Springi zilikuwa zimechoka. Kaka akakibeba kwenda kukitengeneza, akasema wiki moja. Baba akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, mto mgongoni, kusubiri wiki moja. Ikawa miaka minne. Na kiti hiki sikuruhusiwa kukifunga. Ni kazi pekee maishani ambayo Kaka aliniambia, "Hiki usikiguse. Hiki nitakifunga mwenyewe." Nikaheshimu neno lake, mjinga mimi.

Kila Jumapili alikuja kumwona Baba, na kila Jumapili yalisemwa yale yale.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kiti?"

"Bado, Baba."

Baba hakugombana naye. Alirudisha macho dirishani na kuhamisha uzito wake upande mwingine, maana plastiki ilikuwa inamwumiza mifupa. Miguu ilikuwa imevimba, na figo zilishaanza kumsumbua. Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: Baba akae kwenye kiti chake kabla hajafa. Nikamwambia Kaka hivyo, wazi, jikoni kwangu, mlango umefungwa.

"Daktari anasema kile kwangu si kiti," akanijibu.

"Mwambie daktari Baba anakaa kwenye plastiki, na kwake plastiki ni plastiki."

Mwaka wa tisa daktari akatangaza mwisho. Alimpa Kaka tarehe, miezi mitatu mbele, Ijumaa. Alisema tiba isiyo na mwisho hugeuka kuwa makazi. Ilimchukua miaka tisa kugundua kwamba kuna mtu kahamia ofisini kwake. Kaka alileta habari hizi akiwa na sura ya mtu aliyepewa notisi ya kuhama nyumba, na nikafurahi waziwazi mbele yake, nikidhani sasa atashtuka na kukifunga kile kiti.

Alizidi kuharibika. Akaanza kufungua hata makochi niliyokwisha kuyafunga mimi, yanayosubiri kuchukuliwa. Nikija asubuhi nayakuta chali, yametobolewa matumbo. Na kiti cha Baba, ambacho kilikuwa kimebakiza kitambaa cheusi tu, akakivua kava, akakivua sponji, akakata kamba zote, akabakiza mbao tupu. Wiki hiyo hiyo nilimpeleka Baba hospitali, na daktari wa figo akanivuta pembeni akaniambia nisitegemee mwaka mzima.

Ijumaa ya mwisho Kaka aliondoka karakanani na mfuko wa vifaa. Alizoea kwenda mikono mitupu, na sweta lake. Alirudi kabla ya adhuhuri, akaketi kwenye kigoda, akanisimulia bila kuniangalia.

Alilala kama kawaida. Dakika ishirini hakuna aliyesema neno. Halafu akainuka, akalipindua lile kochi chini juu mbele ya daktari, akararua kitambaa cheusi, na springi ilikuwa pale, ya tatu kutoka kichwani, imekatika katikati. Akatoa nyingine mfukoni. Alikuwa na springi ya saizi ile ile kwenye mfuko wake wa vifaa kwa miaka mitano. Akaiweka, akaifunga kamba, akakaza. Ikabaki kufunga. Akachukua nyundo, mkono ukaanza.

"Daktari akasema nini?"

"Akasema muda wetu umeisha."

"Na wewe?"

"Nikamshika mkono, nikamshukuru, nikatoka."

"Kochi umeliacha wazi?"

"Muda uliisha," akasema.

Saa saba na nusu simu ya karakana ikalia. Sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyezoea kusikilizwa akinyamaza. Alikuwa anaomba fundi yeyote aje amalizie kochi, anapokea mtu mwingine saa tisa. Kaka alikuwa uani anakunywa maji. Nikachukua nyundo yangu, kopo la misumari na kitambaa cheusi, nikaenda. Sitaki kusema uongo, nilikwenda kwa hamu. Miaka tisa nilikuwa nasubiri kukutana naye uso kwa uso.

Alifungua mlango mwenyewe. Mzee mdogo wa umbo, amevaa sweta, amevaa soksi bila viatu, na soksi moja ina tundu kidoleni. Nilimwamkia kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu alistahili.

"Nilitegemea fundi," akasema.

"Siku za kufunga fundi ni mimi."

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokichora kichwani. Pazia zito, saa ukutani, rafu imejaa madaftari, na kochi katikati, chali, miguu juu. Springi mpya ilikuwa inang'aa kati ya zile kuukuu. Kazi ya kamba ilikuwa safi sana, na hata kwa hasira niliyokuwa nayo nilisimama kidogo kuitazama. Nikapiga magoti, nikatia misumari sita mdomoni, nikatandaza kitambaa. Mtu akizoea anaweza kusema vizuri tu na misumari mdomoni.

"Miaka tisa, daktari," nikaanza.

"Utaniwia radhi. Siwezi kuzungumzia habari za mgonjwa wangu."

"Usizungumze. Kwani ulishawahi?"

Nikampa yote. Nikampa kiti cha plastiki na miguu iliyovimba. Nikampa mbao tupu za kiti cha Baba. Nikamwambia kwamba mtu anayetaka kujua kama springi imevunjika huinama akaangalia, haulizi ndoto. Yeye alikuwa amekwenda kukaa kwenye kiti chake, nyuma ya mahali ambapo kichwa cha mgonjwa kingekuwa, kwa mazoea tu nadhani, maana kochi lilikuwa limepinduka na hapakuwa na kichwa cha mtu. Nilipofika kwenye figo akasema, "Mm."

"Hiyo mm yako usiniletee mimi," nikamwambia.

Akauliza, taratibu, "Samahani, mama. Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Tumbo moja. Tunafanya kazi chumba kimoja, cherehani yangu iko hatua nne kutoka kwenye meza yake, mwaka wa ishirini sasa."

Alivua miwani. Hakusema kitu, sheria yake inamkataza, lakini macho yalimponyoka yakaenda kwenye ile rafu ya madaftari, yakarudi kwangu, na nikaelewa. Hakuwa anajua kwamba nipo.

Iliniuma. Sina namna nyingine ya kulisema. Ndoto zote, Mama, Baba, wigo wa miiba. Hata paka wetu wa utotoni alizungumzwa mle ndani, Kaka mwenyewe aliniambia, paka alipewa Ijumaa nzima. Mimi sikupewa hata dakika moja katika miaka tisa. Na huyu mtaalamu wa kuchimba watu, aliyechimba mpaka kwa paka, hakuwahi kujiuliza fundi asiyeweza kufunga anaendeshaje karakana.

Labda alijiuliza wakati huo, maana akasema, "Na kazi zote anazoziacha wazi, hufungwa na nani?"

Nilikuwa nimeinua nyundo. Ni swali la kipuuzi. Mteja yeyote angeweza kuliuliza, na halihitaji shahada wala pazia zito. Nikasema, "Na mimi." Nikajisikia nikilisema. Nikabaki na nyundo hewani, misumari mitano mdomoni, nimepiga magoti kwenye sakafu ya watu nikifunga tena kitu alichokiacha wazi kaka yangu, kama jana, kama juzi, kama siku zote tangu Baba aondoke karakanani.

Yeye akangoja. Kazi hiyo ya kungoja anaijua, simnyimi.

Nikatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, nikairudisha kwenye kopo. Nikasimama, magoti yakalia. "Daktari, kochi ni lako," nikamwambia. "Kitambaa hicho hapo. Nyundo wanauza dukani."

"Nina mtu saa tisa."

"Mkalishe kwenye kiti, mtazamane."

Nilisikia baadaye kwamba alilifunga mwenyewe kwa kile kibanio cha kubania karatasi za ofisini. Sijui lilidumu siku ngapi, na sijali.

Nilimkuta Kaka karakanani, amekaa tena kwenye kigoda. Nikaning'iniza nyundo ukutani, nikamwambia, "Sifungi tena. Lolote, la yeyote."

"Daktari amekwambia?"

"Daktari wako hata hakujua kama nipo. Kwa nini hukumwambia?"

"Ningekutaja, angeniuliza unafanya nini," akasema. "Ningejibu unafunga. Halafu angenifanya nione kwamba inabidi uache." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ningewezaje kumwambia, mdogo wangu?"

Kumbe alimpa daktari kila kitu isipokuwa kile alichokuwa anakitegemea. Kwa lugha ya kwetu mtu huyo hakwenda kutibiwa, alikwenda kuficha, na Baba pamoja na koleo lake lote hakupata kukijua alichokificha. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nikarudi kwenye cherehani.

Wiki tatu karakana ilijaa makochi chali. Ilibidi tupite ubavu ubavu kufika dirishani. Wateja walikuja wakafoka, nami nilikunja nne nikanywa chai yangu, nikawaambia, "Muulizeni fundi." Kaka alikonda. Mara mbili alikuja kusimama mbele ya mashine yangu akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilikuwa na hofu kuliko yeye, maana kila asubuhi kabla ya kutoka nilikuwa nikimwona Baba akishika ukingo wa dirisha ili ainuke kwenye ile plastiki, na kila asubuhi ilimchukua muda zaidi. Kile kiti ningeweza kukimaliza mimi kwa siku mbili. Sikukigusa.

Alianza na kigoda cha mteja. Kilihitaji misumari ishirini, akapiga hamsini, akajigonga kidole mara tatu, akatoka kunywa maji akarudi, na nilipoinua macho kilikuwa kimefungwa. Akachukua kingine. Baada ya hapo akavuta zile mbao tupu za kiti cha Baba katikati ya chumba, akaanza upya, springi kwa springi.

Alikileta Jumapili kwa mkokoteni, akiusukuma mwenyewe. Baba alikuwa dirishani, akamwona tangu mbali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kipindueni."

Tukakipindua mbele yake. Baba akasogeza uso, akapitisha kiganja juu ya kitambaa cheusi, polepole, msumari baada ya msumari. Ilikuwa kazi ya aibu. Misumari imekwenda upande, mingine imepandana, kitambaa kimejikunja pembeni.

"Nani kafunga?"

"Mimi," Kaka akasema.

"Inaonekana. Ya huyu huwa imenyooka." Akanielekezea kidevu bila kugeuka. "Naijua misumari yake. Miaka yote hiyo nakutana nayo kwenye nyumba za watu."

Nikajifanya nashughulika na mto. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na hilo ndilo neno la kwanza la Baba kuhusu kazi yangu.

"Nipe koleo," Baba akamwambia Kaka.

Lilikuwa juu ya kabati. Kaka alikwenda, akalichukua, akampa Baba mkononi, akasimama pembeni, vilevile kama alivyosimama akiwa na miaka kumi na miwili. Baba akalishika. Vidole vilijaribu kulifunga, vikashindwa, vikajaribu tena. Alilitazama muda. Kisha akaliweka mapajani.

"Kisimamisheni nikae," akasema.

Alikaa kwenye kiti kile wiki saba, koleo mapajani, na alifia humo, mchana, akitazama barabara.

Kaka hajapona. Mikono bado inatetemeka, wateja bado wanamwita Fundi Bado, na ukimwuliza kuhusu koleo atakueleza kwa saa nzima mpaka ujute. Lakini anafunga. Anafunga vibaya, akitoka jasho, na anafunga mwenyewe. Kwa daktari hajarudi. Springi ya zamani, ile iliyovunjika, ameiweka kwenye dirisha la karakana, nami kila nikifuta vumbi naisogeza na kuirudisha.

Kiti kiko sebuleni kwangu. Nikipiga deki nakiinua, naiona ile misumari iliyokwenda upande na kile kitambaa kilichojikunja, na mkono unaniwasha, maana ni kazi ya nusu saa tu. Sijakigusa.